"Punda afe, mzigo ufike": Usemi unaogongana na Sheria ya Ustawi wa Wanyama

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

"Punda afe, mzigo ufike." Ni vigumu kumpata Mtanzania asiyeujua usemi huu. Huandikwa nyuma ya malori, hutamkwa majukwaani, na wasimamizi wa kazi huwaambia walio chini yao pale muda wa kukamilisha mradi unapokaribia kwisha. Katika matumizi hayo yote punda ni mfano tu. Anayezungumzwa ni binadamu na juhudi zake. Makala haya yanamrudia punda mwenyewe, pamoja na ndugu yake farasi, kwa kuwa tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria isiyokubaliana na usemi huo.

Sheria hiyo ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Wananchi wengi wanapoisikia hudhani kwamba inahusu mbwa na paka wa majumbani, au pengine wanyamapori. Ukweli ni kwamba inamgusa kwa karibu zaidi mnyama ambaye watu wanamtegemea kwa riziki na ambaye hutumikishwa kila siku mbele ya macho ya umma. Wataalamu wa kilimo na mifugo humwita mnyamakazi: ng'ombe wa plau, punda wa mkokoteni, farasi wa doria.

Jiji la Dar es Salaam si mahali ambapo msomaji angetarajia habari za punda zianzie. Takwimu rasmi zinaonesha kuwa Tanzania ina punda zaidi ya 650,000, na wengi wao wako katika mikoa ya kaskazini, ya kati na ya Kanda ya Ziwa. Katikati ya jiji letu mizigo huchukuliwa na mkokoteni unaosukumwa kwa mikono, guta, bajaji ya mizigo na kirikuu. Hata hivyo jiji linatanuka. Ukiipita Mbagala kuelekea Chamazi na Kongowe, au ukienda Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, unafika mahali ambapo nyumba hujengwa kabla barabara ya mtaa haijachongwa vizuri, na mvua za masika zikinyesha gari dogo halipiti. Katika mazingira kama hayo punda bado anapata kazi: madumu ya maji, mchanga, matofali, magunia ya mkaa, majani ya ng'ombe wa maziwa. Hawako wengi, lakini wapo, na aghalabu huonekana alfajiri na jioni.

Farasi ni wachache zaidi. Wakazi wengi wa jiji humwona siku za sikukuu tu, pale askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi wanapofanya doria kwenye fukwe na maeneo yenye mikusanyiko. Watoto husogea kumtazama, kisha hurudi nyuma wanapobaini ukubwa wake. Mshangao wao una sababu. Farasi wa kupandwa huwa na uzito wa takriban kilo 500. Hakuna askari, hata awe na nguvu kiasi gani, anayeweza kumzuia mnyama huyo kwa misuli yake. Kinachomfanya farasi asimame tuli katikati ya kelele za muziki, honi na umati wa watu ni kwamba amemzoea aliye mgongoni mwake na anamwamini. Mazoea hayo hujengwa kwa miezi na miaka: mtu yule yule anamlisha, anamsugua kwa brashi, anakagua kwato zake, anazungumza naye kwa sauti ile ile.

Sayansi nayo imethibitisha yale ambayo wachunga farasi waliyajua kwa uzoefu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio ambamo farasi 28 walioneshwa picha za nyuso za watu, baadhi zikiwa zimekunjamana kwa hasira na nyingine zikitabasamu. Walipoiona picha ya hasira, mapigo ya moyo yao yaliongezeka kwa kasi zaidi, na waliielekea kwa jicho la kushoto, jambo ambalo kwa wanyama wengi huambatana na kutambua hatari. Kwa lugha nyepesi, farasi anausoma uso wako kabla hujainua mkono.

Swali ambalo huenda msomaji amekwisha kujiuliza ni kwa nini nchi yetu ina punda wengi namna hiyo na farasi wachache mno. Jibu la kwanza ni asili. Punda ni mwenyeji wa bara hili. Utafiti mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionesha kuwa punda wote wa kufugwa duniani chimbuko lao ni Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Farasi wa kufugwa alitokea nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi miaka kama 4,200 iliyopita, naye alipofika huku alikuta maradhi asiyoyazoea.

Maradhi mawili yanatajwa zaidi. La kwanza ni nagana, linaloenezwa na mbung'o, ambalo humdhoofisha farasi haraka mpaka akafa. Punda hulistahimili kwa kiasi fulani. La pili ni homa ya farasi ya Afrika, inayosababishwa na virusi na kuenezwa na vidudu vidogo sana virukavyo usiku. Punda milia huvibeba virusi hivyo bila kuonesha dalili yoyote, punda wa kufugwa ni nadra kufa kwavyo, lakini katika kundi la farasi wasio na kinga wanaweza kufa tisa kati ya kumi. Ndiyo maana hata enzi za masultani wa Zanzibar, ambao walipenda farasi wa Kiarabu kiasi cha kumpelekea Rais wa Marekani farasi wawili kama zawadi ndani ya jahazi la Sultana mwaka 1840, farasi alibaki mnyama wa heshima, na kazi za kila siku mwambao wote zilifanywa na punda na watu.

Na watu hasa. Hapo ndipo historia ya wanyama hawa inapoingia ndani kabisa ya Dar es Salaam. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yalipowafuata Wajerumani kuelekea kusini mwa nchi hii mwaka 1916, yaliingia na maelfu ya farasi na nyumbu (hapa tuna maana ya nyumbu wa kufugwa, mtoto wa punda dume na farasi jike, si yule wa Serengeti). Njia zilipita katika misitu yenye mbung'o. Wanyama walikufa kwa wingi kiasi kwamba farasi mpya alitarajiwa kudumu kwa wiki chache tu. Mzigo, hata hivyo, ulitakiwa kufika. Waliobebeshwa ni wanaume wa Kiafrika, wengi wao kwa kulazimishwa, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa uchovu, njaa na maradhi. Kambi kubwa ya wapagazi hao ilikuwa Dar es Salaam, na jina la kikosi chao kwa Kiingereza, lilipotamkwa na wenyeji, likawa Kariakoo. Kila anayeshuka daladala sokoni hapo anatamka, bila kujua, jina lililobaki baada ya wanyamakazi kwisha na binadamu kuchukua nafasi yao.

Jambo hilo linastahili kukumbukwa kwa sababu kanuni yake haijabadilika. Mnyamakazi anapokufa au kulemaa, mzigo hauondoki. Unahamia kwenye kichwa cha mtu. Vijijini, mara nyingi ni kichwa cha mwanamke au cha mtoto wa kike ambaye saa hiyo angekuwa shuleni. Pembezoni mwa jiji ni mgongo wa kijana ambaye jana alikuwa na mkokoteni wa punda na leo anasukuma mwenyewe.

Sheria ya mwaka 2008 imejengwa juu ya misingi inayoeleweka bila shida. Inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe chenye hisia, yaani anayesikia maumivu na hofu. Inazingatia pia kile kinachofahamika duniani kama uhuru wa aina tano: kutokuwa na njaa na kiu; kutokuwa katika mazingira ya adha; kutokuwa na maumivu, majeraha na maradhi; kuweza kuonesha tabia zake za asili; na kutokuwa na hofu na mfadhaiko. Misingi hiyo ilianza kujadiliwa Uingereza mwaka 1965 kuhusu mifugo ya mashambani, na leo imo katika sheria za nchi nyingi. Kwa mwaka 2016 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, lilipitisha viwango mahususi kwa farasi, punda na nyumbu wanaofanya kazi.

Kwa mtumiaji wa punda, maana ya sheria ni hii: kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita uwezo wake, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au mwenye kidonda, kumnyima chakula na maji, au kumtelekeza akishachoka, ni makosa. Si suala la huruma ya mtu binafsi. Wala umiliki si kinga. Mtu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba punda ni wake na amemnunua kwa fedha zake.

Pamoja na hayo, wengi wanaomtesa mnyamakazi hawafanyi hivyo kwa ukatili wa moyo. Wanafanya kwa kutojua, au kwa kurithi desturi. Kwa hiyo inafaa kueleza mambo machache kwa undani, kuanzia na lile linalowaumiza punda wengi kuliko fimbo, nalo ni nira.

Nira iliumbwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu, na mti wa nira huegemea mbele ya nundu hiyo naye akasukuma kwa shingo na mabega. Punda hana nundu. Nguvu zake ziko kifuani. Akifungwa nira ya ng'ombe, mti huteleza na kusugua mfupa wa shingo kila anapopiga hatua. Ngozi huchubuka, kidonda hufunguka, na kesho yake mti unawekwa juu ya kidonda kile kile. Kinachomfaa ni mkanda mpana unaopita kifuani, chini ya koo na juu ya maungio ya bega, pamoja na tandiko dogo mgongoni la kubeba uzito wa mikono ya mkokoteni. Mkanda huo unaweza kushonwa hapa hapa kwa turubai, au kwa magunia ya katani yaliyokunjwa mara kadhaa na kuwekewa kitambaa laini cha pamba ndani. Kamba ya nailoni na vipande vya tairi havifai. Hukata ngozi na huhifadhi joto. Fundi viatu au mshona mahema wa kawaida, akioneshwa kielelezo, anaweza kutengeneza mkanda huu.

Mkokoteni nao una la kusema. Mwingi hutengenezwa kwa ekseli ya gari chakavu, na mpakiaji hujaza mzigo mbele kwa kuwa ndiko kunakofikika kirahisi. Matokeo yake uzito wote hulala mgongoni mwa mnyama. Mzigo ukipangwa juu ya ekseli, mikono ya mkokoteni inakuwa myepesi kiasi cha kuinuliwa kwa mkono mmoja, na punda anabaki na kazi moja tu ya kuvuta. Kwa punda anayebeba mgongoni bila mkokoteni, kilo 50 ni kiwango cha busara kwa mnyama mzima mwenye afya. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40 na ushei. Ya tatu na ya nne yanaongezwa kwa tamaa, na mpandaji juu yake ni dhuluma.

Kuhusu ukaidi. Waswahili tumempa punda jina baya, na hata shukrani yake tumesema ni mateke. Tafsiri ya wataalamu wa tabia za wanyama ni tofauti. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama na kutafakari, kwani mababu zake waliishi katika milima ya mawe ambako kukurupuka kulikuwa kuporomoka. Anapogoma kuvuka mtaro au kukaribia lori linalonguruma, hajakataa kazi, anapima hatari. Fimbo wakati huo inaongeza sababu ya kuogopa. Anayemwongoza akitangulia, akamwachia muda wa kunusa na kutazama, mara nyingi atafuata. Masikio yake yanaeleza mengi kwa anayetaka kusoma: yakielekea mbele anafuatilia, yakilala nyuma ana hofu au maumivu, yakining'inia pembeni amechoka.

Ugumu mwingine wa punda ni kuficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hujigaragaza, hujitazama ubavuni na kutoka jasho. Ni dharura, kwa sababu farasi hawezi kutapika na gesi au chakula kilichokwama hakina njia nyingine. Punda mwenye maradhi hayo hayo anaweza kusimama kimya kichwa kikiwa chini, akaendelea hata kutafuna. Mwenye punda anapoona "leo amepoa tu", kwa kawaida hali imekwisha kuwa mbaya.

Maji ndilo hitaji linalopuuzwa zaidi katika joto la pwani. Punda huhitaji kati ya lita 10 na 25 kwa siku, na farasi wa kazi anaweza kunywa lita 50. Ni jambo la kusikitisha kwamba mnyama anayesomba maji ya watu kutwa nzima mara nyingi ndiye anayenywa mara mbili tu, asubuhi na jioni. Apewe kila mapumziko, na kazi ipangwe ili saa sita hadi saa tisa alasiri awe kivulini. Kwato zichongwe kila baada ya wiki sita hadi kumi. Zikiachwa hupinda kama kiatu kilichokanyagwa upande na kumwumiza kano za miguu. Kidonda kisipakwe oili chafu ya gari wala kuchomwa kwa chuma cha moto. Kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo, na mnyama apumzishwe mpaka kipone.

Liko jambo moja ambalo lugha yetu yenyewe imelihifadhi. Ugonjwa wa kukakamaa mwili unaompata mtu baada ya jeraha kuingia uchafu tunauita pepopunda. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika kwa urahisi na bakteria wake, ambao huishi katika udongo na katika mavi ya wanyama. Chanjo ipo kwa binadamu na kwa wanyama. Mwenye zizi anayechomwa na msumari wa mkokoteni asipuuze. Afike kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Yote haya yana upande wa kiuchumi. Punda aliyetunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 25. Aliyeanza kuvutishwa mkokoteni kabla ya kutimiza miaka mitatu, kwa nira, akiwa na vidonda, huchakaa akiwa bado kijana, na mwenye mali hulazimika kununua mwingine. Kununua nako kumekuwa kugumu, kwa sababu ambayo chanzo chake kiko mbali na Mbagala.

Kwa zaidi ya muongo mmoja ngozi ya punda imetafutwa barani Afrika ili kuchemshwa na kutoa utomvu unaotumika katika dawa za asili za China. Punda jike hubeba mimba takriban miezi 12 na huzaa mtoto mmoja. Hakuna ufugaji unaoweza kuwafidia wanyama kwa kasi ya machinjio. Nchini Kenya, machinjio yalipofunguliwa kuanzia mwaka 2016, wizi wa punda uliongezeka na wamiliki wakaamka asubuhi kukuta mizoga isiyo na ngozi. Hapa nchini viwanda vya kuchinja punda vilikuwapo Dodoma na Shinyanga. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo, na Desemba mwaka huo huo jiji la Dar es Salaam likawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika kuhusu punda, ulioandaliwa kwa ushirikiano na Umoja wa Afrika, ambao ulipendekeza kusitishwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafiki kuupiga marufuku biashara hiyo barani kote.

Marufuku ya kuchinja haimponyi punda kidonda cha shingo. Inamwepusha na kisu tu. Kwa hiyo wajibu wa pili, ule wa utunzaji wa kila siku, unabaki kwa mwenye mnyama na kwa jamii inayomzunguka.

Historia inatoa mfano wa jinsi uangalizi wa raia mmoja unavyoweza kuzaa taasisi. Mwaka 1930 Mwingereza aitwaye Dorothy Brooke alifika Cairo na kuwakuta mitaani farasi waliotumika katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ambao jeshi liliwauza vita ilipokwisha. Walikuwa wamekonda, wengine vipofu, wakivuta mikokoteni. Aliandika barua gazetini, akachangisha fedha na kuwanunua takriban 5,000, na mwaka 1934 akafungua hospitali ya bure kwa farasi na punda wa maskini wa jiji lile. Kilichomfanya adumu ni kutambua kwamba wenye wanyama hao hawakuwa maadui. Walikuwa watu wenye shida ambao hawakuwa na daktari wa mifugo. Shirika lililotokana na kazi yake linafanya kazi hadi leo, likiwa na shughuli pia Afrika Mashariki. Kwenye mwambao wetu huu, kisiwa cha Lamu, ambako vichochoro haviruhusu gari, kina kituo cha tiba ya punda tangu mwaka 1987.

Mkazi wa Dar es Salaam ana njia iliyo karibu zaidi. Kila wilaya ya jiji hili, Kinondoni, Ubungo, Ilala, Temeke na Kigamboni, ina daktari wa mifugo, na ngazi ya kata ina afisa mifugo. Temeke ina bahati ya ziada: eneo ambalo kila abiria wa Barabara ya Mandela analijua kwa jina la Vetenari ndipo yalipo makao ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo iko Temeke vilevile. Anayetaka kuanza kufuga punda au farasi mjini aanzie ofisi ya mtaa na kwa afisa mifugo wa kata, kwani halmashauri zina sheria ndogo zinazosimamia ufugaji ndani ya jiji, na ni nafuu kuzijua kabla ya kujenga banda kuliko baada ya kupewa notisi.

Na anayekuta punda ameanguka na mkokoteni wake barabarani, jambo la kwanza ni kuwaomba walio karibu wasimpige ili ainuke. Magari yaelekezwe kupita kando. Mikanda ifunguliwe au ikatwe, mkokoteni uvutwe nyuma umwondokee, mzigo upakuliwe. Mnyama awekewe kivuli hata kwa khanga mbili, amwagiwe maji miguuni na shingoni, na apewe ya kunywa kidogo kidogo pale tu anapoweza kuinua kichwa mwenyewe. Kisha mwenyekiti wa mtaa ajulishwe ili amwite afisa mifugo wa kata, na mwenye punda asifukuzwe. Ndiye ajuaye amemlisha nini na tangu lini hajanywa.